Mlango Mfupi wa Ipagala

Area D, Dodoma
13 Januari 2024

Kwa Mjomba Zablon,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Abeli, na wajukuu, na mbuzi. Mimi ni mzima. Mvua imeligeuza vumbi letu kuwa tope, na kwa mabadiliko hayo tunashukuru. Kazini masjala tunaendelea kupanga mafaili ya watu wanaongojea kupandishwa vyeo, na la kwangu limo humo humo, chini kabisa.

Naandika kwa sababu kukupigia simu nimeacha. Tangu masikio yako yaanze kuchoka unaweka simu kwenye spika, na mara ya mwisho nilipokueleza habari za tumbo langu la kuhara, wiki iliyofuata nilipewa pole na abiria nisiyemjua kwenye basi la Chemba. Barua hii nimempa konda. Ataiacha dukani kwa Hamida, Mama Abeli aichukue siku ya mnada.

Habari za mama unazijua nusu. Ile bodaboda iliyomwangusha ilimvunja mfupa wa paja, na wamemwekea chuma. Daktari amesema atamruhusu kutoka wodini mwanzoni mwa mwezi ujao, lakini asirudi kijijini. Kila wiki lazima aje kliniki, miezi kadhaa, mpaka mfupa uunge. Akipakiwa kwenye basi kwenda na kurudi kwa barabara za kwetu, chuma kitaachia na hatatembea tena. Alisema hayo mbele yake bila kuzunguka. Mama akamjibu kwamba yeye ana shamba la kupalilia, na daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo natafuta nyumba, Mjomba, na natafuta kwa kukimbia. Hapa nakaa chumba kimoja na mwenzangu wa kazini, Hana. Kitanda ni kimoja, choo kiko ng'ambo ya ua na kina ngazi tatu. Mama hawezi ngazi hata moja.

Wewe umefundisha watu wengi, na wengine leo ni wenye nyumba hapa mjini. Hujui hata mmoja mwenye vyumba viwili vya chini, vya kupangisha haraka? Na ukipata nafasi, njoo umwone dada yako. Anakuuliza kila ninapokwenda.

Mpwa wako,
Jenifa


Kijijini, Chemba
24 Januari 2024

Mpwa wangu mpendwa Jenifa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na kuisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya mwandiko. Ni hizo kompyuta zenu. Ulipokuwa darasa la tatu mikononi mwangu ulikuwa unaandika vizuri kuliko hivi.

Sisi hatujambo. Mama Abeli anakusalimu, mgongo tu unamsumbua. Mtama umeota vizuri, uwele nao haujambo. Yule mbuzi jike aliyenipa mama yako amezaa mapacha tena. Kila nikimwona namkumbuka dada Evarista. Unajua jinsi kiinua mgongo changu chote kilivyoishia kwenye wale mbuzi niliowanunua kule Manyoni, wakafa wote kwa ugonjwa kabla sijawaleta nyumbani. Watu walikuja kutupa pole kama msiba wa mtu. Mama yako peke yake hakuja na maneno, alikuja na mbuzi kwenye kamba. Mambo kama hayo mtu hasahau.

Habari ya mguu inanihuzunisha sana. Lakini nilimwambia asipande bodaboda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kuhusu nyumba, mwanangu, mimi Dodoma nina nani? Mwalimu mstaafu anajua nini juu ya nyumba za mjini? Wanafunzi wangu waliofanikiwa walikuwa watoro, hawataki hata kuniona. Ushauri wangu ni huu: tafuta hapo hapo Area D, au Kikuyu, au Chang'ombe. Ipagala usiende. Upepo wa kule si mzuri kwa mgonjwa, maji ni ya mgao, na wenye nyumba wa kule nasikia ni watu wakali wasio na huruma.

Kuja kumwona mgonjwa ndilo jambo ninalolitaka kuliko yote, ila sasa ni palizi. Mpe pole nyingi.

Mjomba wako,
Mwl. Zablon Matonya


Ipagala, Dodoma
5 Februari 2024

Kwa Mjomba Zablon,

Shikamoo. Mama Abeli pia umpe shikamoo yangu, na pole ya mgongo. Ule msemo wa guu nimemsomea mama. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kama ni maumivu, kisha akasema nikujibu kwamba mkuu ni yeye, maana wewe ndiye uliyekuwa unabebwa mgongoni.

Umeona hapo juu nilipoandikia. Nisamehe Mjomba, nimekwenda Ipagala.

Si kwamba nilidharau ushauri wako. Nilizunguka mpaka viatu vikaisha. Nilimpata dalali anaitwa Ludovick, kijana mwenye simu tatu na shati la kitenge, ambaye kwake kila nyumba ni dakika tano kutoka lami. Dakika zake tano tulikwenda kwa miguu mpaka jua likageuka. Alinionyesha chumba Area D ambacho mpangaji wa zamani alikuwa bado amelala ndani yake. Akanionyesha kingine Kikuyu, mama mwenye nyumba akaniuliza nina mpango wa kuolewa mwaka huu au la, maana hataki kuandikiana mkataba na mtu halafu aje akutane na mwingine. Chang'ombe tulikuta nyumba haijaezekwa. Ludovick akasema itaezekwa tukianza kuhamia.

Hospitali wakaniambia kitanda cha mama kina mgonjwa mwingine anakingojea. Ndipo Ludovick akasema, dada, kuna nusu ya nyumba moja Ipagala, ila mwenyewe ana masharti. Nikamwambia twende.

Mjomba, ni kama imejengwa kwa ajili ya ule mguu. Hakuna ngazi. Choo ni cha kukaa, kiko ndani. Sakafu ni ya vigae, madirisha ya alumini, bomba liko uani. Upande wa pili anakaa Bi Khairunissa, mjane anayeuza vitenge na mapazia mjini, mtu mkimya na safi. Kasoro ni moja tu, mlango wa jikoni wa kutokea nyuma. Nyumba yote ni ya kisasa, halafu mlango huo mfupi kama wa banda la kuku. Siku ya kwanza niliugonga kwa paji la uso mpaka nikaona nyota. Nilimuuliza Ludovick ni mlevi gani aliyeujenga. Akaanza kupokea simu zake.

Mwenye nyumba hajulikani. Ludovick anamwita Mheshimiwa. Anasema ni mkubwa sana wa serikali, kila siku yuko ziarani, na hapigiwi simu, anatumiwa ujumbe tu. Ila masharti yake yako ukutani, yameandikwa kwa mkono, herufi kubwa za mviringo kama za ubaoni darasa la kwanza. Kutwanga mwisho saa kumi na mbili. Maji ya kufulia yasimwagwe ovyo. Na hili hapa, limepigiwa mstari mara mbili: ndugu wa mpangaji wasilale zaidi ya siku mbili. Watumishi wa ndani ruksa.

Basi nimemwambia Ludovick kwamba huyo anayekuja Jumamosi ni mpishi wangu. Akauliza mpishi gani anakuja na magongo. Nikamwambia ni fundi sana wa mlenda.

Njoo Mjomba. Sasa pa kulala papo, ingawa kwa siku mbili tu.

Jenifa


Kijijini, Chemba
28 Februari 2024

Mpwa wangu Jenifa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na mvua, kisha nilikuwa na mafua, kisha Mama Abeli hakwenda mnadani. Wote hatujambo. Mtama umefika kiunoni.

Nimesikitika. Nilikukataza Ipagala kwa maandishi, nawe ukaenda Ipagala. Sasa umeanza maisha ya kudanganya watu, tena unamfanya mama yako mzazi mpishi. Dada Evarista hata hajui kupika wali. Ningekuwa mimi ningehama kabla huyo dalali hajagundua. Hama kwa heshima, wewe mwenyewe, kuliko kuhamishwa.

Na si vizuri kumwita mtu mlevi kwa sababu ya mlango. Babu yako marehemu alijenga tembe yenye mlango mfupi, na alikuwa akisema anayeingia kwa watu na ainame. Nilikua nikiinama. Mama yako alikua akiinama, anagusa kizingiti cha juu kwa kiganja, anaingia. Tulijifunza adabu pale kuliko shuleni. Huenda huyo mwenye nyumba naye amelelewa vizuri, akataka hata mjini kubaki na kitu kimoja cha kwao. Ninyi watoto wa siku hizi mkigonga kichwa mnalaumu ukuta.

Hilo sharti la ndugu nalo lina busara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe hakuna, kwa hiyo siku ya tatu anaondoka. Si ukatili.

Maadamu bado uko hapo, tunza mali ya watu. Vigae visisuguliwe kwa mchanga. Ule mpapai wa nyuma usimwagiwe maji ya sabuni, unakauka.

Msalimie sana mgonjwa. Kuja bado, ndege wameanza kuingia shambani.

Mwl. Zablon Matonya


Ipagala, Dodoma
9 Machi 2024

Kwa Mjomba Zablon,

Shikamoo Mjomba, na pole ya mafua. Huku zabibu zimeiva, zinauzwa mpaka kwenye ndoo, na mama anakula kama dawa. Kliniki wamemsifu. Anasimama peke yake sasa, anatembea kutoka kitandani hadi jikoni kwa magongo.

Mpapai ni mzima. Simwagi sabuni. Nilirudia kuzisoma barua zangu zote kichwani nitafute ni wapi nilikuandikia habari za mpapai, sikupata. Labda nilikuandikia nikasahau. Kazi za masjala zinachosha akili.

Nikueleze siku mama alivyofika. Tulimshusha kwenye bajaji, akaomba apitie nyuma akaone jiko lake, maana nilikuwa nimeshamwambia yeye ni mpishi. Nilikuwa nyuma yake na mizigo, nikafungua mdomo nimwambie mama inama. Alikuwa ameshainama. Kwa mguu ule ule wa chuma, Mjomba. Akainua kiganja akagusa kizingiti cha juu, akaingia. Halafu akasimama katikati ya jiko akaangalia kila kona, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na nilipomuuliza, akasema hakuna kitu, nyumba nzuri. Tangu siku hiyo kila asubuhi anataka kigoda chake kiwekwe kwenye mlango huo. Anakaa hapo anachambua mboga na kuangalia mpapai.

Jioni alisoma yale masharti ukutani. Alisoma polepole, akasema mwenye nyumba ana mwandiko mzuri.

Bi Khairunissa naye amenipa habari. Anasema yeye amemwona Mheshimiwa. Si mkubwa wa serikali, ni mzee mfupi wa kofia ya pama, hasikii vizuri, huja mara moja kwa mwaka siku za Nanenane, anapapasa kuta, anaukagua mpapai, anaondoka. Nikakumbuka kwamba nawe kila Nanenane huja huku kuangalia mbuzi bora wa maonyesho. Huenda mmewahi kupishana barabarani.

Sasa jambo lenyewe. Ludovick ametugundua. Alikuja kuangalia bomba, mama akamkaribisha mlenda na ugali wa uwele, akala akasifu, akamuuliza kwa ucheshi, bibi, huyu dada anakulipa vizuri? Mama akamwambia mimi nilipwe na mwanangu kwa nini. Ludovick aliacha tonge kwenye sahani. Jioni ikaja amri ya Mheshimiwa kwa ujumbe: mwisho wa mwezi tuwe tumehama.

Daktari anasema bado miezi miwili ya hatari. Nyumba nyingine isiyo na ngazi sijaiona mji mzima. Wewe ni mtu mwenye busara na unaelewa sana mawazo ya wenye nyumba. Mtu kama huyu anabembelezwaje?

Mama anauliza, wale mbuzi hawajambo?

Jenifa


Kijijini, Chemba
20 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mbuzi hawajambo. Ndege wengi, kutwa nzima niko shambani napiga debe.

Barua yako ilikuwa na maneno mengi yasiyohusika. Wazee wafupi wenye kofia za pama wako wengi nchi hii. Andika kwa busara, barua hazina mlango wa kufunga.

Swali lako nitalijibu kama mtu wa pembeni. Huyo mwenye nyumba simjui. Lakini nawaza. Huenda ni mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, na maisha yake yote kila shilingi iliyoingia ilikuwa na mwenyewe kabla haijafika mfukoni: ada ya huyu, mahari ya yule, jeneza la mwingine. Huenda siku moja akapata kitu kimoja chake, akakificha. Kwa sababu alijua siku ndugu watakapojua ana nyumba mjini, mtoto wa huyu atakuja kusoma, wa yule atakuja kutafuta kazi, harusi italala pale, na kodi itakuwa "si sisi ni ndugu". Na yeye hajui kusema hapana. Kama angejua, asingeandika ukutani. Watu wasioweza kukataa kwa mdomo ndio wanaoandika ukutani. Sijui. Nawaza tu, nikiwa shambani.

Ukimruhusu mmoja, kesho ni ukoo mzima. Sheria ni sheria. Afadhali dada arudi huku nyumbani, tutafute mtu wa kumkanda mguu. Wazee wetu walivunjika na waliunga bila chuma.

Mwl. Z. Matonya


Ipagala, Dodoma
27 Machi 2024

Kwa Mjomba Zablon,

Shikamoo. Tu wazima, na nitaandika kifupi kwa sababu nina hasira, na mama amenikataza kuandika nikiwa na hasira.

Wazee waliovunjika wakaunga bila chuma nawakumbuka. Babu Matonya mdogo alitembea kwa kuburuta mguu miaka yake yote, watoto wakimwiga nyuma yake, na wewe ndiye uliyekuwa unawachapa wakimwiga. Mama yangu hatakandwa. Mama yangu atatembea.

Jana Ludovick alileta mpangaji mpya kuangalia nyumba. Mwanamke mmoja na futi yake, akawa anapima madirisha kwa ajili ya mapazia huku sisi tumo ndani, kama vile tumeshakufa. Alipotaka kutoka nyuma akaugonga ule mlango kwa kichwa. Mama alikuwa kwenye kigoda chake pale pale. Akampa pole, akampa maji, kisha akamwita Ludovick.

Akamwambia, mwanangu, mwandikie Mheshimiwa ujumbe kutoka kwangu. Ludovick akasema Mheshimiwa ana shughuli nyingi. Mama akamwambia andika tu. Akamtajia neno kwa neno: "Mpishi hana ugomvi, na atahama ukisema ahame. Anauliza tu, yule mbuzi jike aliyemleta siku ya pole ya mbuzi, hajambo? Alikuwa mmoja tu zizini kwake." Ludovick alinitazama kama anayeuliza kama ajali ile iliumiza na kichwa. Akasema Mheshimiwa hajali mambo ya mbuzi. Lakini akautuma, kwa sababu mama alikuwa amemshika mkono.

Jibu halikuja. Leo ni siku ya pili.

Baadaye nilimkuta mama analia kwenye kile kigoda. Alisema ni mguu. Mimi ni mtoto wake, najua akilia mguu na akilia kingine. Hajalilia nyumba, Mjomba. Amelazwa, amepasuliwa, amejifunza kutembea upya kama mtoto, na mdogo wake wa pekee yuko shambani anapiga debe.

Nilitaka kuandika mengine hapa. Mama amesoma mpaka hapo juu akaniambia inatosha, mtu mzima havuliwi nguo. Basi sivui. Jumapili ni tarehe ya mwisho. Nimeshafunga vyombo kwenye maboksi, na pa kuyapeleka sijui.

Jenifa


Kijijini, Chemba
6 Aprili 2024

Mpwa wangu mpendwa Jenifa,

Marahaba, na amani iwe nanyi wote wawili. Sisi tu wazima. Ndege wamepungua, mtama unaanza kushika rangi.

Nimefurahi sana kusikia kwamba mwenye nyumba amebadili mawazo, na kwamba dada atakaa hapo mpaka mfupa uunge na hata baada ya hapo, na kwamba yule mama aliyepima madirisha amerudishiwa fedha yake. Nimefurahi pia kwamba Ludovick amelipaka chokaa lile sharti la ndugu. Usiniulize nimejuaje wakati hujaniandikia. Habari njema zina miguu.

Nataka uone kwamba nilikuwa na haki kukuambia usimseme vibaya mtu huyo. Ni mtu mwema. Inaonekana aliposoma ule ujumbe hakulala vizuri. Inaonekana alikwenda zizini akamwangalia yule mbuzi, akaona haya mbele ya mbuzi. Nawaza tu. Watu wenye moyo wa namna hiyo wamebaki wachache, na ingefaa mumwombee.

Nami nimejitafutia nafasi. Jumamosi ya tarehe ishirini nitakuja kumwona dada yangu. Nitamletea mmoja wa wale mapacha, na mtama mpya kidogo. Mwambie nilitaka kuja tangu siku ya kwanza. Mwambie hilo kwa maneno hayo hayo, kwa sababu ni kweli, na katika barua zangu zote ndilo nililoliandika bila kulifikiria.

Nitakuja peke yangu, safari ya kimya kimya. Mama Abeli usimsumbue na habari za nyumba hiyo, ana mgongo. Ila utanielekeza njia vizuri, uandike kona kwa kona kuanzia stendi. Mimi Ipagala sijawahi kufika.

Mjomba wako akupendaye,
Mwl. Zablon Matonya


Jenifa mwanangu, hapa ni mimi Mama Abeli. Naandika chini ya barua ya mjomba wako, nimesimama dukani kwa Hamida, konda ananisubiri. Barua zenu nazichukua mimi na kuzipeleka mimi, na gundi ya bahasha za siku hizi haishiki.

Msalimie sana wifi yangu. Mwambie mimi ni binti wa wafugaji. Mbuzi wote wale wafe, na mume arudi nyumbani hana ngozi hata moja, hana hata kamba walizofungiwa? Nilijua siku ile ile kwamba mbuzi hawakuwapo, nikiwa nawapikia uji watu waliokuja kutupa pole. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Naona nitazeeka.

Jumamosi ya tarehe ishirini tutakuja wote, mimi, Abeli, mkewe na watoto wao. Tutakaa zaidi ya siku mbili. Yeye bado anajua anasafiri peke yake, mwache hivyo hivyo.

Na njia usihangaike kumwelekeza. Anaijua.